Chakula ukishameza bado hakijaingia mwilini: uzi wa tumbo kwa watu wa Kusini

Mwalimu Chaki (Newala)

Wana Mtwara kuchele na ndugu zetu wa Lindi, habari za msimu.

Humu haipiti wiki bila mtu kuandika "tumbo linanisumbua, nitumie nini?" Majibu yanamiminika: kitunguu saumu, mlonge, habati soda, maziwa, bamia. Hakuna anayeuliza tumbo upande gani, kabla ya kula au baada ya kula, tangu lini. Mimi si daktari, nafundisha baiolojia huku Newala, ila naona tukielewana kwanza kiungo gani kinafanya kazi gani, ubishi mwingi utakufa wenyewe.

Hoja yangu ni moja na nitaisimamia: chakula ukishameza, bado kiko nje ya mwili wako. Njia ya chakula ni mrija ulio wazi ncha zote mbili, kuanzia midomoni hadi njia ya haja kubwa. Kilichomo ndani ya mrija huo bado ni cha dunia. Kinakuwa chako pale tu ukuta wa mrija unapokikubali na kukipitisha kwenye damu. Mtoto akimeza sarafu ya shilingi mia, mara nyingi inatoka kama ilivyoingia, maana ukuta haukuitambua. Kwa hiyo ukitaka kulielewa tumbo, uelewe ukuta.

Ukuta huo, kuanzia kwenye umio mpaka chini, una matabaka manne. La ndani kabisa, linalogusana na chakula, ni utando wa seli zilizopangana bega kwa bega, zinazotoa ute na kufyonza. Chini yake kuna tishu unganishi iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu. Kisha misuli, ya ndani imezunguka mrija na ya nje imelala kwa urefu. Mwisho ni gamba jembamba la nje. Asiyeamini aende machinjioni aombe kipande cha utumbo wa mbuzi, apasue kwa wembe. Wapika supu ya utumbo wanayajua matabaka haya kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha pili, kwa sababu wao wanayakwangua kwa kisu kila alfajiri.

Sasa tuchukue sahani ya kwetu: ugali wa muhogo, pweza wa nazi, mbaazi pembeni, bibo la kushushia na korosho za kutafuna baadaye. Kila kimoja hapo kina kiungo chake cha kukishughulikia.

Bibo kwanza, maana linagombana na mdomo moja kwa moja. Ule ukakasi si ladha kama chumvi au sukari. Bibo lina tanini, na tanini zinashikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, ulimi unabaki mkavu na mkwaruzo. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu, na kwa siku mtu mzima hutoa mate kiasi cha lita 1 mpaka 1.5. Ndani ya mate kuna kimeng'enya kinachoitwa amilesi ambacho huanza kukata wanga papo hapo. Tafuna tonge la ugali bila kumeza, bila mchuzi, uone kama halitaanza kuwa tamu.

Kumeza ni jambo la sekunde. Kidakatonge kinafunika njia ya hewa, tonge linaingia kwenye umio, mrija wa sentimita 25 hivi, na misuli inalisukuma kwa mawimbi ya kubana na kuachia. Sehemu ya juu ya umio misuli yake ni ya aina ile ya mkono na mguu. Ukishuka chini inakuwa misuli isiyosubiri amri yako. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza hata akiwa kichwa chini miguu juu, na ndiyo maana tonge likishapita koo huwezi kubadili mawazo.

Pweza yeye mtihani wake uko tumboni. Nyama yake imefungwa na kolajeni nyingi, ile inayomfanya awe mgumu kama kandambili akipikwa na mtu asiyejua. Mfuko wa tumbo umeongezewa tabaka la tatu la misuli, la mshazari, kwa hiyo unabana, unasokota na kusaga. Seli za ukuta wake hutoa asidi haidrokloriki, na nyingine hutoa pepsinojeni, ambayo ikikutana na asidi hiyo hugeuka kuwa pepsini na kuanza kukata protini. Asidi ya tumbo tupu huwa na pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa) ya 1.5 hadi 3.5. Ni kali ya kuua vijidudu vingi tunavyomeza bila kujua.

Swali ambalo kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza, na ndilo swali zuri kuliko yote: kama tumbo linameng'enya nyama ya pweza, na lenyewe ni nyama, mbona halijimeng'enyi? Jibu ni kwamba linajaribu. Kinachozuia ni tabaka la ute mzito ambalo chini yake seli humwaga bikaboneti ya kupoza asidi, na seli zenyewe hubadilishwa kila baada ya siku chache, zinazochoka zinang'oka na mpya zinapanda. Pepsini nayo hutolewa ikiwa imefungwa, haipati makali mpaka iwe nje ya seli iliyoitengeneza. Vidonda vya tumbo ni habari ya ulinzi huu kuvunjika. Wanaosema asidi imezidi tu wanasema nusu ya habari.

Naishia hapa kwanza, kuna madaftari ya kusahihisha. Nitashuka na utumbo mwembamba, ini na kongosho. Karibuni na maswali.

Kangomba Mstaafu

Niko siti ya mbele. Mwalimu, usituache njiani kama wale wa "itaendelea".

Mama Pweza wa Feri

Mwanangu mwalimu, umenena kweli. Mimi pweza nampiga kwanza, halafu namchemsha taratibu kwa maji yake mwenyewe, nazi naitia mwishoni. Wateja wanasema nina dawa. Dawa ni moto mdogo na subira. Vijana wa siku hizi wanamtia jikoni kwa dakika kumi na moto mkali halafu wanalaumu bahari.

Mwalimu Chaki (Newala)

Shikamoo mama. Ule moto mdogo ndio unaoigeuza kolajeni kuwa jelatini laini, kwa hiyo tumbo la mteja linapokea kazi ambayo sufuria yako imeshaifanya nusu. Na ile nazi nitaifikia.

Boda wa Chuno

Wakuu, mimi tatizo langu ni hapo hapo kwenye vidonda. Kazi ya pikipiki inaniumiza mgongo, kwa hiyo diklofenaki nanunua duka la dawa na kumeza karibu kila siku. Sasa chembe ya moyo inawaka, hasa usiku na nikiwa na njaa. Jamaa wa kijiweni wanasema niache pilipili na ninywe maziwa. Pilipili nimeacha, moto uko palepale.

Muuguzi wa Zamu

Kaka Boda, pilipili umeionea. Inaweza kukuunguza ukiwa tayari na kidonda, lakini haiundi kidonda. Visababishi vikubwa ni viwili na wewe kimoja unakinunua mwenyewe. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Bahati mbaya kemikali hizohizo ndizo zinazoliambia tumbo litoe ute na bikaboneti. Ukizizima ili mgongo upoe, unauvua ukuta wa tumbo nguo yake.

Kisababishi cha pili ni bakteria, *Helicobacter pylori*. Huyu anaishi ndani ya ute huohuo na hutengeneza amonia ya kupoza asidi inayomzunguka. Miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vinaletwa na mawazo na chakula. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema ni bakteria, wakachekwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Maziwa yanapoza kwa muda mfupi, kisha yanaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Nenda kituo cha afya upimwe. Kama ni bakteria, kuna dozi ya antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na unaimaliza hata kama moto umezimika siku ya tatu. Mwambie mhudumu habari ya diklofenaki, usiifiche. Na ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali ya Ligula usiku huohuo.

Boda wa Chuno

Choo cheusi hapana. Asante dada. Ila mgongo je?

Muuguzi wa Zamu

Mgongo nao upimwe. Parasetamoli haiugusi ukuta wa tumbo kama hizo nyingine, lakini nayo ina kipimo chake, ikizidi inaua ini. Usijiandikie.

Mwalimu Chaki (Newala)

Nimerudi. Sehemu ya pili, na kwangu hii ndiyo patamu.

Tumbo likimaliza linafungua mlango wa chini kidogokidogo na kumwaga uji mchachu kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, kipande cha sentimita 25 kinachoitwa duodeni. Ukuta wa hapo hauna ute mzito kama wa tumbo, asidi ingeuchoma. Kwa hiyo ukuta ukionja asidi unatoa homoni kwenye damu, damu inaipeleka kwenye kongosho, na kongosho humwaga maji yenye bikaboneti yaliyochanganyika na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Homoni hiyo, sekretini, iligunduliwa London mwaka 1902 na William Bayliss na Ernest Starling. Walikata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi, na kongosho bado ikaitika. Ndiyo homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa. Watu wakisikia homoni wanawaza mambo ya uzazi, kumbe mlango uliofunguliwa kwanza ni wa utumbo.

Sasa nazi ya Mama Pweza na zile korosho. Katika kila gramu 100 za korosho, zaidi ya 40 ni mafuta. Mafuta na maji havichangamani, na vimeng'enya vinafanya kazi ndani ya maji. Ini ndilo linalotatua, kwa kutengeneza nyongo, ambayo inayagawanya mafuta kuwa matone madogo sana ili kimeng'enya cha lipesi kipate pa kushika. Kifuko cha nyongo kimekaa chini ya ini, kinahifadhi na kuikoleza nyongo hiyo, na mafuta yakigusa duodeni kinajikamua. Ndiyo maana mwenye mawe kwenye kifuko hicho husikia maumivu upande wa kulia chini ya mbavu baada ya mlo wa mafuta, wala si baada ya uji. Chumvi za nyongo hazitupwi: karibu zote hufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, zikarudi kwenye ini na kutumika tena.

Baada ya hapo ni kufyonza. Utando wa utumbo mwembamba umekunjwa, juu ya mikunjo kuna vijidole, na juu ya seli za vijidole kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho. Vitabu vingi bado vinaandika kwamba ukiutandaza wote unapata uwanja wa tenisi. Watafiti wa Sweden walipima upya, wakachapisha mwaka 2014 kwamba njia nzima ya chakula ina kama mita za mraba 32 tu. Wanafunzi wangu wamesikitika kupoteza uwanja wao, lakini mita 32 ndani ya tumbo la mtu si haba.

Glukosi na asidi amino huingia kwenye damu, na damu hiyo yote, kabla ya kufika popote, hupita kwanza kwenye ini. Mafuta mengi yanakwepa forodha hiyo kwa kupita kwenye mishipa ya limfu, yakaibukia kwenye damu karibu na shingo. Kwa nini ini liwe la kwanza kukagua? Muhogo utatueleza.

Muhogo, hasa mchungu, una kemikali iitwayo linamarini. Ukimezwa nayo, bakteria wa utumbo wanaivunja na kuachia sianidi, ambayo ni sumu. Ukuta unaipitisha, haujui kuikataa. Ini ndilo linaloipokea, linaichanganya na salfa na kuigeuza kuwa kitu hafifu kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini. Anayekula ugali wa muhogo na samaki au mbaazi analipa ini zana za kazi. Anayekula ugali wa muhogo mtupu, siku baada ya siku wakati wa njaa, tena muhogo ulioandaliwa kwa haraka, ini linaishiwa.

Mzee wa Mikindani

Mwalimu, muhogo tumekula tangu mababu. Mimi nina umri wa kutosha na sijaona mtu aliyekufa kwa muhogo. Msitutie hofu, kesho mtasema na korosho ni sumu.

Mwalimu Chaki (Newala)

Shikamoo mzee wangu. Simkatazi mtu muhogo, mimi mwenyewe mchana wa leo nimeula. Mababu hawakudhurika kwa sababu waliuvundika, wakauanika makopa, wakatwanga, hawakuwa na haraka. Kisamvu ni vilevile: kukitwanga kinuni kunakutanisha ile sumu na kimeng'enya kilichomo kwenye jani lenyewe, sumu inaachiliwa, na kukichemsha kunaifukuza. Anayekatakata kisamvu kwa kisu na kukichemsha kidogo anadhani amerahisisha kazi.

Lakini mzee, konzo si hadithi. Ni ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla, hauponi, unakamata zaidi watoto na akina mama, na umewahi kuripotiwa hapahapa mkoani Mtwara, miaka ambayo watu hawakuwa na kitu kingine zaidi ya muhogo mchungu.

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Hapo kwenye kuvundika nakubali. Wanangu mjini wananunua unga wa muhogo kwenye mifuko, nani anajua aliyeutengeneza aliuvundika siku ngapi.

Mwalimu Chaki (Newala)

Kwa hofu hiyo kuna njia iliyobuniwa na timu ya Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na haina gharama. Tia unga mkavu kwenye bakuli, weka alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inaondoka na hewa. Usongeni ugali siku hiyohiyo, unga mbichi haukai.

Kangomba Mstaafu

Sasa mwalimu tuingie kwenye mambo ya wanaume. Mbaazi. Nyumbani kwetu ikipikwa mbaazi usiku, hakuna anayelala chumba kimoja na mwenzake.

Mama Pweza wa Feri

Loweka usiku kucha, yale maji mwaga. Usiyapikie. Watu wanaona uchungu kumwaga maji, halafu wanalia.

Mwalimu Chaki (Newala)

Mama amemaliza, mimi naongeza sababu tu. Mbaazi, kunde na choroko zina sukari za aina ya rafinosi ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzikata. Zinapita utumbo mwembamba wote bila kuguswa, zinafika utumbo mpana, na huko kuna bakteria wengi wasiohesabika ambao wao wana kimeng'enya hicho. Wanazichachusha na kutoa haidrojeni na kabonidayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Hizo sukari zinayeyuka kwenye maji ya kulowekea, ndiyo faida ya kuyamwaga.

Ila usiwalaani bakteria hao. Katika uchachushaji huohuo wanatengeneza asidi fupi za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Seli zako hizo zinalishwa na wapangaji. Pia wanatengeneza sehemu ya vitamini K. Nyumba isiyo na harufu kabisa ingekuwa na mgonjwa ndani.

Mchinga Mbili

Mimi wa Lindi nachomekea kidogo. Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria Wajerumani waliyemchimba kati ya 1909 na 1913 na kumsimamisha Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13 na ushee. Nilisoma kwamba hakuwa na meno ya kutafunia. Alikula nini mnyama mkubwa vile bila kutafuna? Alikuwa na firigisi kama kuku?

Mwalimu Chaki (Newala)

Swali limenifurahisha kuliko yote. Meno yake yalikuwa ya kuchuma majani, si ya kusaga. Zamani wataalamu walidhani alimeza mawe ya kusagia kama kuku anavyomeza changarawe, lakini walipochunguza mawe yanayopatikana na mifupa ya jamii yake waliona ni machache mno kwa mwili ule, wala uso wake haufanani na wa mawe ya kwenye firigisi. Dhana inayoshika sasa ni kwamba alitegemea muda: majani yalikaa siku nyingi ndani ya tumbo kubwa, bakteria wakiyachachusha. Na kutotafuna ndiko kulikomruhusu awe na kichwa kidogo na shingo ndefu vile, maana meno mapana na misuli ya taya ni mizigo mizito. Kwa kifupi alikuwa mbaazi yako Kangomba, yenye uzito wa makumi ya tani.

Kangomba Mstaafu

Kumbe ndiyo maana Wajerumani wamemweka ukumbi mkubwa.

Binti wa Nachingwea

Naomba kuuliza kitu cha kweli. Mwanangu wa mwaka na nusu anaharisha tangu jana asubuhi, anacheza lakini anachoka. Mama mkwe anasema nimpe madafu tu, ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, inazidisha kuharisha. Nimempa ya paketi jana, kweli aliendelea kuharisha.

Muuguzi wa Zamu

Dada, mpe ORS. Kuharisha kuliendelea kwa sababu ORS haifungi tumbo, kazi yake ni kurudisha maji yanayopotea. Mwalimu eleza kwa nini, mimi nitaandika vipimo.

Mwalimu Chaki (Newala)

Kila siku zinaingia kwenye utumbo kama lita 8 au 9 za majimaji: mbili hivi tunazokunywa, nyingine ni mate, maji ya tumbo, nyongo, ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hurudishwa kwenye damu, kinachotoka na choo ni chini ya robo lita. Mtoto akiharisha, urudishaji huo umevurugika au ukuta unamwaga kuliko unavyofyonza. Ukimpa maji matupu mengi hayashikiki.

Ila kuna mlango mmoja ambao kwa kawaida hubaki wazi, hata kwa kipindupindu. Ni protini kwenye seli za utumbo mwembamba inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, kimoja bila kingine haifunguki, na vikiingia maji yanafuata. Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka 1960, na jarida la *The Lancet* mwaka 1978 likaandika kwamba ugunduzi huo huenda ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile. Ndiyo sababu ORS ina chumvi na sukari, tena kwa kipimo. Sukari ikizidi inavuta maji kuja kwenye utumbo na mtoto ataharisha zaidi. Soda ni hivyohivyo.

Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo mlango haufunguki vizuri. Mama mkwe akitaka kumpa kidogo juu ya ORS msigombane, ila yasishike nafasi yake.

Muuguzi wa Zamu

Paketi moja kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usigawe paketi kwa macho. Kila akiharisha mpe robo kikombe hadi nusu, kwa kijiko, polepole. Akitapika subiri dakika kumi, endelea. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Huna paketi: vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja. Mnyonyeshe, na uji apewe, usimfungishe. Kituoni watakupa na zinki, mpe kwa siku zote watakazokuandikia hata akiacha kuharisha.

Macho yakizama, ukimfinya ngozi ya tumbo ikirudi polepole, akilia bila machozi, akikataa kunywa, akilegea, au ukiona damu kwenye choo, funga kitenge uondoke sasa hivi.

Binti wa Nachingwea

Analia na machozi yapo. Nachemsha maji sasa. Asanteni sana.

Boda wa Chuno

Mwalimu, hujagusa ngiri. Huku kijiweni kila maumivu ya chini ya kitovu ni ngiri.

Muuguzi wa Zamu

Ngiri si ugonjwa wa njia ya chakula. Ukuta wa misuli ya tumbo, huu wa nje unaoufunga mkanda, unapata upenyo, na kipande cha utumbo kinachungulia. Uvimbe unaonekana ukikohoa na unarudi ukilala. Dawa ya kunywa haishoni upenyo, ni upasuaji. Ukikwama usirudi, ukawa mgumu, unauma na unatapika, hiyo ni dharura. Mengine ya chini ya kitovu yana majina yake, kidole tumbo kikiwemo, ambacho mara nyingi huanzia kitovuni kisha kuhamia kulia chini.

Mwalimu Chaki (Newala)

Kidole tumbo nitakifungulia uzi wake Jumamosi. Kengele imelia, naingia darasani.

Kangomba Mstaafu

Naweka kambi. Mama Pweza, kesho unafungua saa ngapi?

Mama Pweza wa Feri

Saa nne. Na mbaazi zimelowekwa.